Mchezo Ambao Mzee Hakuumaliza

Baba yangu aliinuka kwenye kompyuta akiwa katikati ya mchezo wa karata, akasema kifua kinambana. Tulimpeleka hospitali na hakurudi. Karata zake zikabaki zimetandazwa kwenye skrini sebuleni.

Kompyuta yenyewe haikuwa pale sebuleni. Ilikuwa ndani ya seva yangu, kompyuta kubwa ya ofisini, dude nililolinunua ofisi fulani ya Industrial Area ilipofungwa, likawa linavuma chumbani kwangu kama kinu cha kusaga unga wa posho. Niliiwekea programu huria inayoigawa mashine moja iwe kompyuta kadhaa, kila moja ikijiona iko peke yake, na mojawapo nikampa mzee aitumie kupitia skrini ya sebuleni. Utamu wa programu hiyo ni kwamba unaweza kuhifadhi hali ya kompyuta ilivyo dakika hiyo, ukairudia utakapo. Jioni tuliyotoka kumzika, kabla hata sijavua koti, niliihifadhi.

Tangu hapo, kila jioni mama akitoka soko la Gikomba anakouza mapazia, anapitia chumbani kwangu, anaketi kitandani, nami namfungulia kompyuta ya mzee kwenye skrini yangu. Tunazitazama zile karata. Tukimaliza, nairudisha kompyuta ilivyokuwa, saa yake irudi nyuma, mzee awe bado hajainuka. Marafiki waliponialika nje nilisema nina kazi. Nilijiona mtoto mwema kuliko wote pale mtaani Mbotela.

Kisha diski ya seva ikaanza kugonga, dalili kwamba inakufa. Na nakala zote nilizoziita akiba nilikuwa nimeziweka kwenye diski hiyohiyo. Mimi ninayelipwa kutunza kompyuta za watu! Ningemcheka mteja aliyefanya hivyo. Nilikimbilia mjini nikanunua diski nyingine, nikaanza kunakili, na kunakili kukakwama njiani. Nikaing'oa ile mbovu, nikampelekea fundi anayeokoa data. Aliiweka sikioni, akatikisa kichwa.

"Hii imeenda, buda."

Jioni hiyo mama aliingia na mfuko wake wa mapazia akanikuta sakafuni, seva imefunguliwa, nyaya nje.

"Mathe, mzee ameenda," nikasema.

"Baba yako tulizika," akasema taratibu. "Wacha hiyo kitu. Inuka ukule."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia hajui alichopoteza, kwamba ule mchezo ndio uliokuwa umebaki, kwamba nimehangaika na stima na joto na kelele zote hizo kwa ajili yake.

"Kwa ajili yangu?" Aliuweka mfuko chini. "Mimi hiyo karata hata siielewi. Kuiona ilikuwa inaniumiza."

"Sasa mbona ulikuwa unakuja kila siku?"

"Ulikuwa hutoki humu ndani. Ningekuona wapi?"

Nilizikusanya nyaya, nikala ugali bila kuisikia ladha yake. Nilikuwa na uchungu na mzee, na mama, na lile dude la chuma ambalo sasa halikutoa hata sauti.

Kesho yake jioni nilisikia mlango wa nje. Nilidhani mama atapitiliza jikoni, maana hakukuwa tena na cha kufungua. Akaingia chumbani kwangu, akaketi kitandani mahali pake pa siku zote, mbele ya skrini nyeusi, akavua viatu.