Samaki wa Wuhan Kwenye Roshani ya Märsta

Majira yale ya baridi nilikuwa nasafisha ndege kwenye uwanja wa Arlanda, Uswidi, zamu ya alfajiri. Abiria wa mwisho hajamaliza kushuka, sisi tumeshaingia: tunaokota, tunafuta, tunapanga mikanda, tunahamia nyingine. Nikishuka kwenye basi mchana pale Märsta ninakokaa, sitaki salamu ya mtu. Nataka kuvua viatu, basi.

Ndiyo maana niliwaona wale samaki nikapita. Walitundikwa kwenye roshani ya ghorofa ya pili ya jengo letu, samaki wakubwa waliopasuliwa kwa mgongoni na kutandazwa kwa vijiti, kando yao soseji nyembamba, na kwenye kamba hiyohiyo suruali ya mtoto. Mimi nilijua ni nini. Ujana wangu nilisoma Wuhan, masomo ya kusafisha maji ya mji, na kule baridi ikiingia kila roshani inageuka hivyo. Samaki wanasuguliwa chumvi na pilipili ile inayotia ganzi ulimi, wanaachiwa upepo mpaka mwaka mpya wa Kichina. Wageni wanaosimuliwa habari za China huambiwa ukuta na majumba ya wafalme. Mimi nikiikumbuka Wuhan nakumbuka samaki waliokauka wakigongana na chupi za majirani, na nyumba zisizo na joto la mabomba, watu wameketi sebuleni na makoti yao.

Nilijua, lakini nilikuwa nimechoka. Ningegonga mlango wa watu niseme nini?

Siku moja nikakuta mzozo mlangoni mwa jengo. Jirani wa ghorofa ya kwanza, Mswidi mstaafu, ameshika mto wa kiti wenye doa kubwa la mafuta. Mbele yake bibi wa Kichina, mfupi, kavaa koti la pamba na juu yake mikono ya kitambaa ya kukingia uchafu wa jikoni. Bibi anaeleza kwa Kichina, mzee anaeleza kwa Kiswidi, na kila mmoja anapandisha sauti kidogo ili mwenzake aelewe.

"Wewe mwambie," mzee akanigeukia. "Samaki wake usiku wanaganda, mchana wanayeyuka, wananidondokea. Wasipoondoka leo nawapigia simu wenye nyumba."

Sikumuuliza kwa nini alidhani mimi Mtanzania ningeweza kumwambia. Labda aliona wageni wote tunaelewana.

Kichina changu kilikuwa kimelala miaka mingi. Nilifungua mdomo likatoka sentensi moja tu, tena si ya wakati wake.

"Popo, umeshavuka asubuhi?"

Popo ndivyo wanavyomwita bibi kule. Na kuvuka asubuhi ni kufungua kinywa. Watu wa Wuhan hawali asubuhi nyumbani. Wananunua tambi zilizochanganywa na ufuta uliosagwa, wanakula wakitembea, kwenye foleni ya basi, kwenye kivuko cha mto Yangtze wakiwa wamebana bakuli la karatasi kifuani, upepo usilipeperushe. Mwanzoni nilishangaa. Baadaye na mimi nikawa nakula nikikimbilia darasani.

Bibi alinitazama usoni, kisha miguuni, kisha usoni tena.

"Neno hilo umelitoa wapi?"

"Nilisoma Wuhan kwenu, upande wa Wuchang. Karibu na ziwa."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na maneno yakamwagika, ya Kiwuhan kitupu, sikupata hata nusu. Mzee wa Kiswidi alisimama na mto wake akitungoja.

Nitasema ukweli: sikutoa roshani yangu kwa wema. Nilitaka mambo yaishe nikalale. Mimi nakaa chini kabisa, chini yangu hakuna mtu, kuna vichaka tu, na roshani yangu ina vioo. Nikamwambia mzee samaki wataondoka leo. Nikamwambia bibi awalete kwangu, ila soseji abaki nazo, kwa sababu za nguruwe haziingii nyumbani kwa Mwislamu. Alikubali haraka. Wuhan nako kuna Waislamu, alisema, supu yao ya ng'ombe anaifahamu.

Binti yangu aliporudi shuleni aliziba pua.

"Mamma, det stinker!" Yaani, kunanuka.

"Ni samaki wa Popo," nikamjibu.

Hapo akacheka mpaka akakaa chini. Kiswahili hataki kukisema, lakini popo anamjua, mnyama wa usiku mwenye mabawa. Tangu siku hiyo bibi akawa anaitwa Popo nyumbani kwetu, na mwenyewe alifurahi kwamba mtoto analitamka vizuri.

Kazi ikaanza. Kila mchana, nikiwa nimekaa tu, mlango unagongwa. Popo kaja kugeuza samaki, na mjukuu wake mdogo kafungwa mgongoni kwa mbeleko ya Kichina. Akimaliza haondoki. Anakaa jikoni, anazungumza. Alikuwa na njaa ya kuzungumza. Binti yake, mhandisi, hutoka asubuhi na kurudi jioni akiwa hoi, mkwewe ni Mswidi, na mjukuu hajajua kusema. Siku nzima hapati mtu.

Alinisimulia utoto wake, joto la Wuhan kabla ya mafeni. Jua likizama watu walimwagia maji kichochoro, wakatoa vitanda vya mwanzi, mtaa mzima ukalala nje, wazee na watoto, safu moja mpaka barabara kubwa. Alinikumbusha wachimbaji wa mizizi ya yungiyungi, wanavyosimama wakati wa baridi kwenye tope la ziwa mpaka kiunoni, wanapapasa kwa miguu wasiuvunje mzizi. Hao niliwaona mwenyewe. Mizizi ile hupikwa na mbavu kwenye chungu mpaka ilainike kama muhogo mzuri, na ukiiuma inaacha nyuzi nyembamba kati ya meno na kijiko. Kuna na mboga ya majani ya Wuhan, shina lake zambarau, ambayo watu wake huisifia kama sisi tunavyosifia mchicha wa nyumbani.

Mwanzoni nilisikiliza kwa heshima. Kisha mwili ukashindwa. Siku moja nilisinzia katikati ya hadithi yake, shavu juu ya meza. Nilipoamka giza la saa tisa alasiri, lile la baridi ya Uswidi, limeshaingia, nimefunikwa koti lake la pamba, na yeye amekaa palepale akimlisha mjukuu uji.

"Samahani, Popo."

"Lala. Mimi nilifanya kazi kiwanda cha nguo maisha yangu yote. Namjua mtu aliyechoka." Akaniangalia. "Wewe si ulisomea maji? Kwa nini unafuta ndege?"

"Nilikuja kuongeza masomo. Nikazaa. Vyeti vyangu hapa havikutosha. Mwaka ukapita, ukapita mwingine."

Hakusema pole. Alitikisa kichwa tu, akaendelea na uji. Kisha, bila kuniangalia, akasema, "Mimi pia nimechoka. Nataka kurudi kwangu. Binti yangu anataka nikae mpaka mtoto aanze shule. Mwambie wewe."

"Mimi?"

"Wewe unasema Kiswidi. Kwa Kiswidi haitamuuma sana."

"Popo, mimi si mwanao. Hilo ni lako."

Akamfunga mjukuu mgongoni, akatoka. Nikadhani kesho hatakuja. Alikuja, akageuza samaki wake, lakini hatukuzungumza sana, na nashangaa kusema ule ukimya ulinielemea kuliko maneno yake yote.

Mwaka mpya wao ulipofika tulialikwa juu, mimi na binti yangu. Mama wa nyumba, yule mhandisi, alitufungulia akiwa na simu ya kazi sikioni. Popo alikuwa amempika samaki mmoja kwa mvuke, na tangawizi juu yake. Nyama yake ilikuwa nyekundunyekundu na ngumu, chumvi imeingia mpaka mfupani. Binti yangu aliyeziba pua majuma yote yale aliongeza wali mara mbili.

Katikati ya chakula Popo aliweka vijiti chini. Akasema na binti yake kwa Kiwuhan, polepole, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi. Nilipata maneno machache: nyumbani, mgongo, majira ya maua, nimetosheka. Mhandisi akakodoa macho kwenye bakuli lake. Mume wake akauliza kwa Kiswidi, "Amesema nini?"

"Ulijua?" mhandisi akaniuliza.

"Aliniambia. Nikamwambia akwambie mwenyewe."

Alifuta macho kwa kiganja. "Kila siku nikirudi namkuta amekaa gizani hajawasha taa. Nikadhani anabana umeme."

Akamwambia mama yake neno moja ambalo sikulisikia, na Popo akamwekea nyama ya shavu la samaki, kipande anachopewa mtu unayempenda.

Popo aliondoka theluji ilipoanza kuyeyuka. Mjukuu akapelekwa chekechea ya mtaani, akalia siku za mwanzo, kisha akazoea. Nilikuwa kazini siku ya safari, sikuweza kumuaga pale uwanjani. Nilikuwa ndani ya ndege nyingine nikiokota blanketi.

Majuma machache baadaye mhandisi alinigongea, koti la kazini bado mwilini. Nilimkaribisha chai. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, akavua viatu. Wote wawili tulikuwa hoi.

"Mama amepiga simu," akasema. "Anasema analala vizuri."

"Alhamdulillahi," nikasema, nikammiminia kikombe cha pili.