Mafuta ya Alizeti Kwenye Vali ya Gesi

Mjomba wangu alikuwa na mambo matatu aliyoamini sitayaweza. La kwanza, kumaliza chuo. La pili, kukaa Dar es Salaam bila kumpigia simu ya kuomba nauli. Nilipomaliza chuo kwa ada niliyojilipia kwa kuosha vyombo hotelini, kisha nikarudi Singida kwa nauli yangu, nikiwa na stashahada ya ufundi mitambo na miaka sita ya kuhudumia bana, vile vichomeo vya gesi, kwenye hoteli hiyohiyo, akabakiwa na la tatu. Alilisema mbele ya wateja kwenye mashine yake ya kukamua alizeti: sitapata hata mtu mmoja wa kunipa kazi, kwa sababu kwetu watu wanaota moto wa kuni, na kuni hazina vali.

Stashahada niliitia kwenye fremu nikaitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Vifaa ndivyo ambavyo sikuwa navyo. Vya hotelini vilibaki hotelini. Fundi baiskeli jirani yangu akaniazima spana tatu na brashi ya waya. Mjomba akanikopesha chupa ya mafuta ya alizeti, eti nipikie mboga wakati nasubiri wateja.

Sikusubiri sana. Mama mkubwa, dada yake mjomba, anafuga kuku kijijini Mtinko. Alikuwa amenunua bana ya gesi iliyotumika, ile ya kuning'iniza juu ya vifaranga kama kofia kubwa ya bati, na kabla vifaranga mia tatu hawajafika alitaka ikaguliwe. Niliifungua vali, nikaisafisha, nikaipuliza. Kilichobaki ni kuipaka grisi yake maalumu. Grisi hiyo Singida nzima haikuwepo.

Sasa, mtu wa kwetu akikwama hutazama chupa ya alizeti. Bawaba ya mlango ikilia, alizeti. Mnyororo wa baiskeli, alizeti. Visigino vikipasuka kipupwe, alizeti. Nami, pamoja na stashahada yangu, ni mtu wa kwetu. Niliipaka vali mafuta ya mjomba, kitufe chake cha kuwashia kikabonyea laini kabisa. Mama mkubwa akanipikia ugali wa uwele na jogoo mzima, na kabla sijanawa mikono nilikuwa nimeshamwambia asihangaike kutafuta fundi mwingine maisha yake yote.

Wiki tatu baadaye, vifaranga wakiwa na siku nne tu, alipiga simu saa tisa alasiri. Moto unawaka akishikilia kitufe, akikiachia unazima. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, ule upepo wetu wa baridi wa Julai. Jua likizama bana haijawaka, vifaranga wangejirundika kutafuta joto na kukanyagana mpaka wafe, na hela yake ya mwaka mzima ilikuwa mle bandani. Mwenye pikipiki wa karibu alikuwa mjomba. Akanipeleka mbio.

Nilimwamkia mama mkubwa shikamoo, na kifua chake kikaniitikia kabla yake. Alikuwa amewafunga vifaranga dhaifu ndani ya kanga kifuani, na kila alipozungumza, nao walizungumza.

Nilianza kwa kulaumu mtungi. Nikaupima uzito, gesi ilikuwemo. Nikalaumu regileta, kile kifaa cha kupunguza nguvu ya gesi pale mtungini, haikuwa na kosa. Nikapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na maungio yote, hakuna lililotoa kiputo. Nikaisugua kwa brashi sensa, kile kijiti cha shaba kinachokaa motoni na kuiambia vali iendelee kutoa gesi. Bado moto ulizima. Nikatangaza kwa sauti ya hotelini kwamba sensa imekufa na itaagizwa Dar.

"Itafika kabla jua halijazama?" mjomba akauliza.

Hapo ndipo nilipokibonyeza kitufe tena, safari hii nikisikiliza kidole changu. Kitufe kilikuwa hakifiki mwisho, na kurudi kilirudi polepole kama mzee anayeinuka kwenye kigoda. Nikafunga mtungi, nikaitoa vali nje kwenye hewa, nikaifungua. Ndani kulikuwa na kitu cha njano kinachonata kama ulimbo. Sensa ilikuwa nzima. Utomvu ule ndio uliozuia kitufe kufika pale vali inaposhikwa ibaki wazi.

Mjomba akainama, akanusa. "Hii naijua," akasema. "Hii ni ya kwangu."

Nilifungua mdomo kutaja kemikali moja ngumu ya chuoni. Kifaranga kimoja kikalia ndani ya kanga. Nikasema kweli: nilikosa grisi, nikapaka alizeti, joto likaigandisha.

Mama mkubwa akaichungulia vali. "Kwa hiyo baba, vali yangu umeikaanga."

Mjomba ilibidi akae chini kwa kicheko.

Niliisafisha kwa spiriti ya duka la dawa, nikaikausha kabisa, nikaifunga kavu, nikarudia povu la sabuni. Jua lilikuwa limegusa miti. Nikawasha, nikashikilia, nikahesabu hadi thelathini, nikaachia. Moto ukabaki. Mama mkubwa akafungua kanga yake na kuwamwaga vifaranga chini ya bana, nao wakanyamaza mmoja mmoja.

Grisi ya kweli ilikuja kwa basi, nikairudia kazi bure. Kuku walipouzwa, mama mkubwa alinipa mitetea miwili na trei ya mayai. Siku hiyohiyo niliwarudishia wote walioniazima, na kwetu hurudishi kitu cha mtu mkono mtupu. Spana na brashi zilikwenda kwa fundi baiskeli pamoja na mtetea mmoja. Mjomba nilimpelekea mtetea wa pili na chupa yake, imejaa alizeti mpaka shingoni.

Akaiinua juani. "Hii ni ya mboga au ya vali?"

"Ya mboga, mjomba."

Akaingia nayo ndani, kisha akarudi mlangoni. "Jiko langu la gesi linazimazima. Kesho uje ulitazame, fundi. Ila mafuta niachie mimi."