Nzi wa Jumatatu

Mpaka leo nikiyakumbuka mambo yale damu inanichemka. Shoga yangu alikaa mahabusu siku sita kwa sababu ya jedwali la kwenye simu, na waliomweka humo hawakuona haja hata ya kusema samahani.

Nianze na mimi mwenyewe, maana watu huuliza mwanamke mzima nzi anawatafutia nini. Nililelewa Kilwa na mama aliyekuwa akikausha samaki. Kazi yangu utotoni ilikuwa kupunga nzi kwenye uchanja wa ng'onda, na mama alinifundisha kuwatofautisha. Yule mdogo wa kijivu anayezurura majumbani ni kero tu. Lakini yule mnene wa kijani anayeng'aa, mwenye macho mekundu, huyo akishatua na kutaga, samaki wako umempoteza. Nilipokuja kuwa fundi wa maabara na kuhamia Lindi, nikasoma kwamba nzi hao hao husaidia kujua mtu amekufa lini. Hutaga kwenye maiti mapema sana, na ukijua ni nzi wa aina gani na joto la mahali, umri wa funza wao unakuambia muda uliopita. Basi nikaanza kuwafuga nyuma ya nyumba yangu mtaa wa Mtanda, juu ya vipande vya maini, chini ya bati, miaka miwili mfululizo, nikiandika kila kitu kwenye daftari la shule. Majirani walihamisha kamba zao za kuanikia nguo. Wakanibandika jina la Mama Nzi, nami nikaitika.

Shoga yangu alikuwa mjane. Mumewe alipofariki, kila mtu alitegemea atarudi kwao Nyangamara. Yeye akabaki kijijini Rutamba na mama mkwe wake, kikongwe asiyeona, akamlimia, akamwogesha, akamkatia kucha. Ua wao ulipakana na ua wa wifi yake, binti wa yule bibi. Mwaka huo, katikati ya msimu wa korosho, shangazi yake shoga yangu alifariki Nyangamara. Jumatatu alfajiri akaaga kwenda msibani. Aliacha maji, akaacha chakula, na wifi akamwahidi kwamba atakuwa anamwangalia mama asubuhi na jioni. Aliporudi Alhamisi mchana alisukuma mlango akamkuta mama mkwe amekufa kitandani, na funza wameshaingia.

Wifi ndiye aliyepiga ukunga kuliko wote. "Kamuua mama yangu, halafu kakimbilia msibani! Wala hakuniaga!" Hilo la kuaga lilikuwa neno lake dhidi ya neno la mjane, na mjane asiye na mtoto kwenye ukoo wa watu hana wa kumsemea.

Alikuja mpelelezi kijana. Alipima funza mmoja kwa rula, akapiga picha, akafungua simu, akasoma: milimita kumi na mbili, siku tano. Siku tano nyuma kutoka Alhamisi ni Jumamosi, na Jumamosi shoga yangu alikuwa nyumbani. Basi, kesi imekwisha. Akamfunga pingu mbele ya watu waliokuja kuzika, na maiti akaoshwa na kuzikwa jioni ile ile bila mkwe aliyemuuguza miaka yote kumshika hata mkono.

Ijumaa nikaenda kituoni. Nilijiambia nitaongea kwa upole. Upole wenyewe haukufika mbali.

"Afande, hilo jedwali ni la nzi gani?"

"Nzi ni nzi, mama."

Nikamwomba anioneshe. Lilikuwa la nzi wa bluu wa nchi za baridi, nchi ambazo watu hulala na blanketi tatu. Miaka yote niliyowatega nzi Lindi, huyo sijamkamata hata mmoja. Kule funza huchukua siku tano kufika urefu ule. Kwetu, katika nyumba ya bati, mwezi ule wa joto unaoujua wewe mwenyewe uliyewahi kulala ndani yake, siku tatu zinatosha. Nikamweleza yote hayo. Akaniuliza nimesoma wapi habari za upelelezi.

"Niletee basi hao funza mmoja wawili niwatambue ni wa nzi gani," nikamwambia.

Hakuwa nao. Alimpima mmoja akamtupa. Picha yenyewe ilikuwa imetikisika, huwezi kujua kama ni funza au punje ya wali. Mtu anaweka maisha ya mwenzake juu ya funza, halafu hata kumtia kwenye kichupa hamtii!

Jumamosi nikapanda basi kwenda Rutamba kumwona bibi aliyeongoza wanawake kuosha maiti. Nilimkuta ukumbini anabangua korosho. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha jamvini. Nikamuuliza: wale funza walikuwa laini, au walikuwa na miiba miiba mwilini? Maana aina ile ya nzi wetu ninayoijua vizuri zaidi, funza wake ana miiba, na nikimpata huyo hesabu yake ninayo daftarini.

Bibi aliendelea kubangua. "Mjukuu wangu, mimi naosha maiti tangu hujazaliwa. Ninachokiona mwilini mwa maiti ni chake yeye na Mola wake. Sisemi."

Najua heshima hiyo. Mama yangu nilimwosha mimi, na yapo niliyoyaona ambayo hakuna atakayeyasikia. Lakini siku ile nilipandisha sauti mbele ya mtu mzima, jambo ambalo bado linanitia aibu. Nilimwambia yupo mtu hai anaoza mahabusu kwa ajili ya sitara hiyo. Nilimwambia marehemu mwenyewe angekuwa na ulimi angemtetea mkwewe. Niliomba radhi, nikanyanyuka nivae kandambili zangu.

"Mkeka," akasema.

"Mkeka wa nini, bibi?"

"Aliolalia. Mkeka si maiti." Akafuta mikono kwenye kanga, akainuka taratibu, akanipeleka nyuma ya nyumba ya msiba hadi chini ya mkorosho. "Tuliukung'utia hapa kabla ya kuuchoma. Mimi sijasema nimeona nini. Nimekuonesha tulipokung'utia mkeka."

Nilichimba kwa kijiko cha chai. Siku mbili zilikuwa zimepita, na funza wakimaliza kula hujichimbia mchangani wakageuka pupa, kiganda cha kahawia kigumu, ambamo nzi hutengenezeka. Nikapata viganda zaidi ya ishirini. Vilikuwa vidogo kidogo kwa kuwa funza waliondolewa kabla hawajashiba. Nikapata na funza wanne waliochelewa, wakijikunja kwenye majani makavu. Nikawaweka kiganjani. Walikuwa na miiba mwili mzima.

Nilimwita mpelelezi kwa simu, nikamwambia sigusi kitu kingine mpaka afike. Alikuja amenuna, lakini alikuja. Tukatia kila kitu kwenye chupa ya jemu na udongo wake, nikafunga mdomo kwa kipande cha chandarua, akaweka sahihi yake kwenye karatasi. Nikamweleza hesabu mbele ya yule bibi ili afande asije akaikana. Nzi huyu kwa joto letu, tangu yai mpaka atoke na mabawa, ni siku tisa, pungufu au zaidi nusu siku. Kama marehemu alikufa Jumamosi, nzi watatoka Jumatatu. Kama alikufa baada ya mkwe kuondoka, hawatatoka kabla ya Jumatano.

Jumatatu sikula. Niliikalia ile chupa kuanzia alfajiri, na nitasema ukweli hata kama unaniumbua: nilimtilia shaka. Shoga yangu, niliyemjua miaka yote ile, nilimtilia shaka kwa sababu ya kelele za watu. Kila nilipoona chembe ya udongo imesogea nilisogeza uso kwenye kioo. Jua likazama, hakuna nzi. Jumanne nikaenda kazini na chupa kwenye kikapu, wenzangu wakasogeza viti vyao mbali nami. Hakuna nzi.

Jumatano saa moja asubuhi ganda la kwanza lilipasuka. Akatoka nzi mmoja wa kijivu, mnyong'onyevu, mabawa yamejikunja. Kufikia saa nne alikuwa wa kijani anang'aa, na wenzake kumi na mmoja wako naye wanagonga chandarua. Nilimpelekea mpelelezi chupa, nikaiweka juu ya meza yake pasipo kumwamkia. Aliwatazama, akahesabu siku kwa vidole, akarudia. Nzi hawatagi gizani, na shoga yangu alitoka alfajiri, kwenye basi lililojaa mashahidi. Mayai yalitagwa Jumatatu ile ile, mchana, baada ya mkwe kuondoka, na kesi nzima ya mpelelezi ilisimama juu ya Jumamosi. Mchana wa Jumatano hiyo akamwachia.

"Basi mama, mchukue mwenzio," akasema. Ndiyo samahani yake hiyo.

Niliondoka naye moja kwa moja hadi Rutamba, maana alitaka kaburi kwanza kabla ya kuoga. Habari ilikuwa imetutangulia. Uani palikuwa na watu, na wifi akaja mbele amefungua mikono kama mwenyeji wa sherehe. "Tumshukuru Mungu wifi yangu, yamekwisha," akasema. Mimi nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga njia nzima, makali yote, na mdomo nilishaufungua.

Shoga yangu akanishika mkono. Hakupandisha sauti.

"Wifi, mama alikufa Jumatatu. Jumanne ulipika hapo nyuma ya ukuta huu. Jumatano ukapika. Harufu hukuisikia?"

Wifi aliangalia chini, akaanza kukunja ncha ya kanga yake.

"Niliisikia," akasema. "Nilidhani ni panya."