Mashua ya Chaki

Mume wangu alichora mashua kwa chaki kwenye sakafu ya chumba chetu cha kupanga pale Same, nasi tukaishi ndani yake karibu mwaka mzima. Kitanda kilikaa nyuma, jiko la mkaa likakaa mbele, na cherehani yangu ya mkono katikati, mahali ambapo mlingoti ungesimama, kwa hiyo kila nikishona ananiambia nisogee kidogo, nimeukalia mlingoti. Nje ya mstari wa chaki ilikuwa bahari. Kijiko kikidondoka huko kimezama, na hakuna ruhusa ya kukiokota mpaka kesho yake. Nilizamisha vijiko vingi mwaka ule, vingine kwa makusudi.

Ilikuwa miaka ya Mwingereza, baada ya vita vikubwa. Mume wangu alikuwa seremala. Alitengeneza madawati ya boma, vitanda vya makarani na majeneza ya watu wote. Mimi nilishona nguo za watoto wa wenzangu. Sote wawili tulikuwa watu wa Chome, Upareni, juu kabisa karibu na msitu wa Shengena, ambako ukungu huingia jikoni bila hodi. Bahari tulikuwa tumeisikia kanisani tu, ikigawanywa au ikitulizwa.

Niseme na langu mapema: mimi situlii. Nikikaa, mguu unacheza. Pale Same kila treni ilipopiga honi nilitoka nje na mwiko mkononi kuitazama, kana kwamba kuna mtu wangu ndani. Tulikuwa tumeoana miaka kadhaa na hatujapata mtoto, na kule milimani swali hilo huulizwa kwa macho. Nilikuwa sijamaliza kusema shikamoo, macho ya mtu yameshashuka tumboni. Nililichukia jambo hilo kuliko njaa, na nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna anayenijua tumbo.

Ndipo mume wangu akapata kazi ya makabati Tanga, na huko akajuana na mzee mmoja mwenye mashua ndogo. Mzee huyo alikuwa ameishi humo na mkewe miaka mingi, wakihama Tanga, Pangani, Unguja na Pemba, wakibeba mizigo ya watu na kukaa popote walipopapenda. Mkewe alikuwa amefariki, magoti yake mwenyewe yalikuwa yamegoma, na alitaka kuuza akaishi kwa binti yake. Mume wangu alirudi Same akinieleza habari hiyo kama kichekesho, lakini mimi sikucheka. Wiki iliyofuata nilikuwa ndani ya treni pamoja naye.

Mashua ilikuwa imefungwa kwa kamba, haiendi popote, ila ilikuwa inayumba. Nikakaa juu ya mbao, na mguu wangu ukaacha kucheza. Ni ajabu kuieleza. Kwa kuwa kitu kingine kilikuwa kinahangaika badala yangu, mimi nilipumzika kwa mara ya kwanza tangu nipate akili.

"Wapare wawili baharini!" yule mzee alicheka. "Haya, mna pesa ya kununua tu, au mna na ya kuishi?"

Mume wangu alikuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akamtajia yote: tanga jipya, pamba na mafuta ya kuzibia nyufa za mbao, kamba, nanga ya akiba, mafuta ya taa, unga, maharage, ushuru wa bandari, hata sindano za cherehani yangu. Na mapato pia: yeye angetengeneza milango na vitanda kila bandari tutakayotia nanga, mimi ningeshona. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na maji ya kunywa?"

Maji hatukuyaweka. Sisi kwetu maji huteremka mferejini, yanalala ndani ya ndiva, bwawa letu la kukusanyia, na asubuhi yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Nani angekumbuka kuyatengea pesa, tena safari yenyewe ni ya kwenda kuishi juu ya maji? Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Alitutajia bei yake, akasema hana haraka, tuje tutakapokuwa tayari.

Mume wangu aliaibika kweli kweli. Treni ilipofika Korogwe akatamka kwamba hatutanunua mashua yoyote kabla hatujaijaribu hesabu kwa miili yetu. Ndiyo maana ya chaki. Maji debe moja kwa siku, la kunywa, kupika na kuoshea vyombo. Mkaa kikapu kimoja kwa wiki. Makande yalifutwa, kwa sababu yanakaa sana motoni na yanakula mkaa kuliko sisi tunavyoyala, na Mpare aliyeacha makande ujue amedhamiria. Siku moja alifikiria kutia chumvi kwenye maji ya kuoga ili ngozi izoee. Akapiga hesabu ya chumvi, akaacha.

Majirani walitucheka, nasi tukacheka nao. Walikuwa wakija mlangoni wanauliza leo tumetia nanga wapi. Mimi nilishona mpaka macho yakaniuma, kila shilingi ikaingia kwenye kopo, na nyuma ya mlango mume wangu aliandika kwa chaki hiyo hiyo kinachohitajika na kilichopatikana. Mwanzoni tarakimu hizo mbili zilikuwa zinakaribiana vizuri tu. Nilikuwa nikizitazama kabla sijalala, moyo unanienda mbio kwa furaha.

Kisha tukapanda Chome kumsalimia mama mkwe. Nadhani mume wangu alifuata makande zaidi. Tulimkuta mama anapukuchua maharage, na mwanawe, baada ya kushiba, akamsomea hesabu yote ya mashua kichwani, kwa kujivuna, pamoja na maji.

"Vizuri, baba," mama akasema. "Na msaragambo?"

Msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji. Kwetu watu huitwa kuzibua mfereji na kukarabati ndiva. Asiyekuja hutoa mbuzi, na asiyetoa mbuzi zamu yake ya maji hupewa mwingine. Shamba likikosa zamu halina maana, ni bonge la udongo tu.

"Ukiwa hapo Same ukiitwa unapanda," mama aliendelea. "Ukiwa majini huko utapandaje?"

"Nitalipa, mama."

"Mbuzi kila msaragambo?"

"Kila msaragambo."

"Basi mwandike mbuzi."

Akamwandika. Tulipofika Same, kabla hata ya kuvua viatu, alisimama nyuma ya mlango akamwongeza mbuzi, mmoja kwa kila msimu. Nilicheka. Sikudhani kwamba mbuzi yule angefungulia njia wenzake.

Baada yake yakaja mabati ya nyumba ya mama, maana mvua haingoji mtu arudi kutoka Pemba. Ikaja ada ya mdogo wake wa mwisho. Ikaja michango ya misiba, si ya waliokufa, ya watakaokufa tukiwa safarini, akiwahesabu wazee wa ukoo mmoja mmoja na kukisia nani ameanza kukohoa. Akaenda boma kuuliza mtu anayeishi ndani ya mashua analipia wapi kodi ya kichwa. Karani alikuna kichwa tu, basi mume wangu akaiweka mara mbili, ya Same na ya Tanga. Mpare na kodi ni habari ndefu, hapa siigusi. Kilichohitajika kilipanda, na kopo langu likabaki nyuma likihema.

Nilianza kuchukia mlango ule. Nikishona gauni zima, siku ya pili naona ameongeza kitu kinachokula magauni matatu. Nilimwambia anabana matumizi mpaka na safari yenyewe ameibana. Hakukasirika. Na hilo ndilo lililonitia wazimu: mume wangu alikuwa na raha. Alirudi kazini anapiga mluzi, anavuka mstari wa chaki kwa kuinua mguu vizuri, anapima maji yake ya kunywa, anakunywa polepole, anauliza upepo wa leo ni wa wapi. Hakuwahi kuwa mume mwema kuliko mwaka ule. Mimi nililala pembeni yake nikisikiliza treni ya mizigo ikipita, na nilijisikia nimefungiwa.

Siku moja mfanyakazi wa reli aliyetujua alituletea salamu kutoka Tanga. Mzee amepata mnunuzi. Anatupenda sisi zaidi, atatusubiri mpaka Idi, baada ya hapo asilaumiwe.

"Bei ya mashua tunayo," nilimwambia mume wangu kabla mgeni hajafika barabarani. "Na ya kuishi miezi ya mwanzo tunayo. Twende."

"Hesabu haijatimia."

"Haitatimia! Unaipalilia kila siku kama shamba."

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi hapandi mashua, bwana wewe!"

Akatazama kitanda, jiko, mstari uliozunguka, ambao alikuwa akiutilia chaki upya kila Jumapili. "Mbona hapa tunaishi vizuri?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujibiwa kweli.

Hapo nikaelewa. Mwenzangu alikuwa ameshasafiri. Pangani na Unguja na Pemba, kote alikuwa ameshafika, juu ya saruji, bila kulowa, na jioni mama yake akimwita msaragambo kesho yake anapanda. Mimi nilikuwa bado niko Same. Nililia mbele yake, na sikujificha.

Machozi yalimshinda. Akakubali kwenda Tanga. Akafunga pesa kiunoni, nikamsindikiza stesheni, nikarudi kufungasha. Niligawa vyungu. Nilimwambia mwenye nyumba atafute mpangaji. Siku zilizofuata sikuweza kula. Kila treni nilikuwa stesheni kabla haijapiga honi, naikagua behewa kwa behewa.

Hakuja kwa treni. Alikuja kwa lori, mwekundu kwa vumbi mpaka kope. Akafungua kiuno, akaweka pesa mezani, zote. Alikuwa amemwomba mzee asubiri mavuno yapite, kidogo tu, hesabu itimie. Mzee alikataa, na mtu wa Pangani alilipa pale pale, mbele yake.

"Ila nimepata lifti," akasema. "Nauli ya kurudi nimeiokoa."

Nilimtazama nikadhani nitamrushia pasi ya mkaa. Sikurusha, ilikuwa pasi ya kazi. Siku kadhaa yeye alikwenda kwenye mbao zake, mimi nilishona nguo za watoto wa watu, na mguu wangu ulicheza hata nikiwa nimesimama.

Mwishowe nikamwambia wazi. Mashua hii imekwenda, lakini Tanga ipo. Kuna mafundi wanaoshona matanga, wanataka mikono iliyozoea sindano. Nitashona, nitajuana na watu wa vyombo, na siku moja chombo chenye nafasi yangu kitapita. Nilimwomba anigawie haki yangu ya kopo. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi mkubwa, nimepanga maneno makali, hata machafu.

Hakugomba. Alikwenda akahesabu, akanipa kitita kilichofungwa kwenye kitambaa. Nilikipima mkononi nikajua si haki yangu. Kilikuwa kizito mno.

"Umekosea," nikamwambia.

"Sikukosea. Ni hesabu ya mtu mmoja." Akaanza kunitajia, bila kutazama popote: chumba cha kupanga mpaka nipate chombo, unga, mkaa, maji, nyuzi, dawa nikiugua, kitu cha kumpa nahodha ili aniheshimu.

"Umeipiga lini?"

"Tangu vuli."

Vuli. Kabla ya salamu za mzee, kabla ya Tanga, kabla ya lori. Miezi yote ile nilipodhani anamlimbikizia mama yake mbuzi na mabati, pembeni alikuwa anapiga yangu, ya mimi kuondoka bila yeye, na akaja kitandani kila siku akinyamaza. Nilitaka kumpiga na nilitaka kumshika, na mikono haikujua ianze na lipi.

Alinibebea cherehani mpaka stesheni. Watu walikuwa wengi, mama mmoja anauza ndizi, askari wanapanda. Treni ilipokaribia, nilitafuta neno la kumuumiza, maana niliona ametulia mno.

"Na nauli ya kurudi," nikamwambia, "bila shaka umeibana."

"Imo," akasema. Akaniinulia cherehani dirishani, akahakikisha nimeishika vizuri. "Ya kurudi imo. Na ya kuondoka tena."

Nilizitumia zote mbili.