Samaki Chini ya Barua

Kabla hujaona chochote, ulisikia feni. Ukivua viatu barazani kwetu Mwabungo, ulikuwa ushajua kama kompyuta ya baba imewashwa, kwa mvumo wake na kwa harufu ya vumbi lenye joto iliyojaa sebuleni. Baba alikuwa karani katika hoteli moja ya Diani, na hoteli ilipobadilisha mashine zake, mwishoni mwa miaka ya tisini, alirudi nyumbani na moja ya zile zilizotupwa. Mama aliifumia kitambaa cheupe cha kuifunika. Wageni waliitazama mikono wameifunga nyuma, wasije wakaigusa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa miezi mitatu mashine ile ilikuwa yangu peke yangu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeijali.

Kisha akaja Mwanasiti, binti wa shangazi yangu wa Kinango, msichana wa miaka kumi na tisa. Ofisi moja mjini Kwale ilikuwa inatafuta mpiga chapa, na mtihani ulikuwa baada ya wiki tano. Baba, kwa kuwa ndiye mjomba wake, aliapa kwamba mtoto wa dada yake ataipata kazi ile. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, lakini mimi sikuwa naumwa. Kila alasiri nilikaa mkekani nikimtazama amekalia kiti changu, huku baba akiniambia nijifunze bidii kwake. Nilimchukia. Sitafuti neno laini zaidi.

Rafiki yangu wa shule alikuwa amenipa disketi yenye programu ya samaki wa rangi waliokuwa wakiogelea ndani ya kisanduku. Niligundua kwamba ukiifungua mara mbili unapata visanduku viwili, na kwamba kila kisanduku kinainyonya mashine nguvu. Basi nikaipanga ijifungue yenyewe mara nane kila kompyuta iwashwapo, visanduku vikiwa vimejikunja chini, kisha nikauficha ule mstari wa chini ya kioo ambao ungevionyesha. Mwanasiti akipiga herufi, herufi haitokei. Akidhani haikuingia anaipiga tena, kisha zinatokea zote mbili kwa pamoja, na barua yake inakuwa kama maneno ya mtu mwenye kigugumizi.

Mwanzoni tuliiuguza mashine. Mama aliondoa kitambaa, akafungua madirisha, tukaipumzisha siku mbili nzima. Ilipokataa kupona, tukaanza kumcheka Mwanasiti. Baba alisema Kinango wanatwanga mahindi, hawapigi chapa. Mimi nikambandika jina la Kobe, na kabla ya wiki kwisha hata mama alikuwa akimwita hivyo. Naye alicheka pamoja nasi. Lakini wakati wa kula nilimwona akipiga chapa kwa vidole ukingoni mwa sinia, midomo ikimchezacheza, na nilifurahi.

Wiki ya nne baba alimwita fundi kutoka Ukunda, mtu wa bara. Alifungua mchoro unaoonyesha jinsi mashine inavyofanya kazi, na mstari ulikuwa umepanda hadi juu kabisa, haushuki.

"Mzee, hii prosesa iko mia kwa mia na hakuna mtu anaitumia," alisema. "Kuna mtu ameficha vitu hapa chini."

Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja. Samaki wakatokea kwenye orodha, jina moja mara nane. Baba akauliza ni nani. Nikasema nilimwona Mwanasiti akifungua vitu nisivyovijua. Nilikuwa nimeshaandaa machozi, maana nilijua atakana. Hakukana. Alipiga magoti mbele ya baba.

"Niwie radhi, mjomba. Labda niligusa pasipo kujua."

Baba akasema kikulacho ki nguoni mwako. Kesho yake asubuhi Mwanasiti alirudishwa Kinango na furushi lake, zikiwa zimebaki siku sita afanye mtihani. Nilikaa kwenye kiti changu, nikaandika jina langu, na kila herufi ikatokea papo hapo.

Leo kazi yangu ni kutunza kompyuta za watu. Mashine za siku hizi hukwambia programu gani inakula nguvu, ilifunguliwa saa ngapi, na nani aliyeifungua. Ya baba haikusema hayo. Palikuwa na neno langu tu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami naitembea yangu zaidi ya miaka ishirini sasa, wala sijaona mwisho wake. Mwaka jana nilikwenda Kinango kumzika shangazi. Mwanasiti anafuga mbuzi. Hashiki simu kwa mkono wake; binti yake humpigia, kisha humwekea sikioni. Nilimwuliza kwa nini.

"Mikono yangu ina kasoro, Saumu. Si waikumbuka ile kompyuta ya mjomba?"

Kisha, mbele ya binti yake, akaniomba radhi tena, maana baba alikuwa ameshafariki na hapakuwa na mwingine wa kumwomba. Nikamwambia nilishamsamehe zamani.