Mama Masizi na Majivu ya Jikoni

Alizaliwa asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoshikana na karakana ya baba yake, fundi seremala. Mkunga alipofika, kitanda kilikuwa kimejaa mbao za mteja, kwa hiyo mtoto alipokewa juu ya lundo la maranda lililotandikwa shuka, na baba alijisifu maisha yake yote kwamba hakuna mwana wa tajiri aliyewahi kuangukia mahali laini namna ile. Siku ya nane alibatizwa. Jina la ubatizo lilimkaa miaka kama arobaini, kisha jina jingine likalifunika, nalo ndilo tutakalolitumia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiliitikia upesi zaidi.

Utoto wake ulipita kati ya randa na msumeno. Mama yake alipikia maranda, nguo za nyumbani zilinukia maranda, na hata godoro la binti lilijazwa maranda. Baba yake alikuwa na msemo mmoja aliourudia mpaka majirani wakauchoka: "Kitu hakiwi takataka mpaka kikose wa kukitafutia kazi." Binti aliushika msemo huo kama wengine wanavyoshika katekisimu, na katekisimu nayo aliishika, ingawa mwalimu wake wa dini alilalamika kwamba darasani alikuwa akiokota vipande vya chaki.

Aliolewa na mchoraji wa vibao, mtu wa vicheko, wakaishi kwa amani miaka tisa bila kujaliwa mtoto. Mwaka wa kumi mumewe aliugua, akalazwa katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na kanisa. Hospitali ile ilitoa dawa na kitanda. Chakula kililetwa na ndugu. Kila asubuhi mke alifika na bakuli la uji, na kila asubuhi mzee wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa na ndugu wa kumletea chochote, aligeuza uso ukutani ili asionekane akitazama. Siku ya tatu mumewe akasema, "Mgawie, mke wangu. Mimi nimeshiba kukuona." Hayo ndiyo maneno yaliyomwita. Mumewe alipofariki, kabla ya Majilio, hakurudi kwao. Alimwomba Paroko kibanda kitupu kilichokuwa nyuma ya kanisa, akaweka mafiga matatu na sufuria moja, akaanza kuwapikia wagonjwa wasio na wa kuwapikia. Mwanzo walikuwa wanne. Miaka saba baadaye walikuwa arobaini na sita.

Kisha lilikuja jaribu. Ukataji wa miti ulipigwa marufuku, mkaa ukaadimika, na kuni zikawa za kusikia tu. Mama akavunja kitanda chake akapikia, akapikia na benchi moja la kwaya, jambo aliloliungama baadaye. Ndipo alipoukumbuka msemo wa baba yake. Akazunguka mitaani akiomba maganda ya karanga, mabua ya mahindi na majani makavu, akayajaza ndani ya pipa la bati, akawasha. Mara ya kwanza alisahau kufunika pipa, akapata majivu meupe, mazuri, yasiyoweza kuchemsha hata yai. Mara ya pili alifunika vizuri, takataka zikageuka mkaa mweusi, akautwanga, lakini akaushikanisha na udongo mwingi. Sakristani, mzee mwenye ulimi mwepesi kuliko miguu, alilipima tonge moja mkononi akauliza, "Mama, haya ni ya kupikia au ya kujengea?" Mara ya tatu hakuwa na subira ya kuyaanika yakauke. Yalitoa moshi ulioingia kanisani katikati ya misa, Paroko akakohoa mpaka akaacha mahubiri katikati. Waamini walimshukuru Mungu kimyakimya, maana Paroko yule hakuwa mtu wa mahubiri mafupi. Ni wakati huo, uso na mikono yake vikiwa vyeusi tii, ndipo walipoanza kumwita Mama Masizi, na hawakumwita hivyo kwa heshima.

Paroko hakuwa mtu mbaya. Aliogopa moto, aliogopa moshi, na aliogopa maneno ya watu. Alimwita Mama akamwambia, "Nakupa mpaka Jumatano ya Majivu. Ukishindwa, kibanda nafunga." Mama alijibu, "Sawa, Baba," akaenda wodini akahesabu vitanda, akalia kidogo, kisha akarudi kwenye pipa.

Safari hii alishikanisha mkaa kwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo, akaushindilia ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa, akaanika vipande kivulini, hata kimoja asikiguse kabla ya siku ya saba. Majirani walikwisha kuzoea kumwachia magunia ya maganda chini ya paa la kibanda. Sasa, kila mwamini anajua kwamba majivu ya Kwaresima hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita, yale yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi, ambayo watu huyarudisha kanisani ili yachomwe. Mwaka ule paa la sakristia lilikuwa linavuja. Sakristani alilifunga gunia la matawi, akalitua mahali pakavu alipopaona, chini ya paa la Mama, katikati ya magunia mengine, akaenda zake. Mama, macho yakimwasha kwa moshi, alilimwaga lote pipani.

Jumanne, siku moja kabla ya mwisho aliopewa, vipande vipya viliwaka. Viliwaka bluu, bila moshi, na uji wa wodi zote mbili ukaiva kabla ya kengele ya saa nne. Mama alicheza peke yake kuzunguka sufuria, akishika mwiko.

Asubuhi ya Jumatano, saa moja kabla ya misa, sakristani, aliyekuwa na desturi ya kuahirisha kila kitu isipokuwa mlo, alikuja kuchukua gunia lake akachome matawi. "Mama, gunia langu liko wapi?"

"Gunia lipi, mzee wangu?"

"La matawi!"

Mama aligeuka akalitazama jiko. Alivuka uwanja akiwa na aproni yake nyeusi, akaingia sakristia, akapiga magoti. "Baba, nihukumu mimi, jiko usiliguse. Matawi nimeyachoma bila kujua. Jana yamepika uji wa wodi mbili."

Paroko alichungulia mlangoni. Kanisa lilikuwa limejaa. Hatimaye akauliza, "Yaliwaka?"

"Yaliwaka vizuri, Baba. Bila moshi."

"Majivu yake unayo?"

"Yamo chini ya jiko. Ila yamechanganyika na maganda ya karanga."

"Hata waamini wangu wamechanganyika," akasema Paroko. "Yalete."

Yalichekechwa kwa chekeche la unga, yakabarikiwa, na parokia nzima ikapakwa. Mama alisimama wa mwisho katika mstari. Paji lake lilikuwa na masizi mengi hivi kwamba Paroko alilazimika kulifuta kwanza kwa ncha ya kanzu yake ndipo akapata mahali pa msalaba. Kisha akawageukia watu akasema, "Jiko halifungwi." Wanawake wakapiga vigelegele, siku ya Majivu, na Paroko akajifanya hasikii. Tangu siku hiyo jina la Mama Masizi lilitamkwa kwa heshima.

Aliwapikia wagonjwa miaka ishirini na mitatu zaidi. Watu husimulia habari za mvua ya wiki tatu, ambapo vipande vyake vilikauka chini ya vitanda vya wagonjwa, na kipande kimoja kikachemsha sufuria tatu. Kanisa halijatamka lolote, nasi hatulitangulii. Tunasema tu kwamba uji uliiva. Paroko mwenyewe, uzeeni, alilazwa wodini bila ndugu wa karibu. Alipoletewa bakuli aliuliza, "Uji huu umetoka kwenye jiko nililotaka kulifunga?" Mama akamjibu, "Ndilo, Baba. Kunywa, kabla hujabadili mawazo." Walicheka wote wawili mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Alifariki mchana, siku moja kabla ya Jumapili ya Matawi. Wanawake waliomwosha walisugua vidole vyake kwa sabuni na ndimu, weusi wa kucha ukakataa kutoka, wakamwacha nao. Watu waliomzika kesho yake walikuja wameshika matawi mabichi. Mwaka uliofuata matawi hayo yalirudishwa, na aliyeyamwaga pipani kwa mikono yake myeusi alikuwa sakristani yule yule, sasa mkongwe, aliyerithi kopo la maziwa na jiko. Yalipika uji wa wodi mbili, kisha majivu yake yakapakwa kwenye vipaji vyetu. Ndivyo inavyofanyika kila mwaka mpaka leo.

Ndugu, tunaotaka kumwiga tusianze na pipa. Tuvuke barabara, tuingie wodini, tumtafute aliyegeuza uso ukutani. Tusimwulize yeye ni wa nani. Tumpe uji.