Karatasi ya Ndani ya Boksi la Vidonge

Natengeneza redio mtaani Nyakasanza. Kazi hiyo nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa vilivyokwisha majalada. Ndani ya redio kuna vipande vidogo vya kupunguza umeme, vyenye mistari ya rangi, na rangi ndizo namba zake: kahawia ni moja, nyekundu ni mbili. Katika wiki ya tano ya dawa za kifua kikuu, nyekundu ilianza kunijia kama kahawia. Redio ya mama mmoja muuza samaki nikaiwekea kipande kisicho chake, akarudi nayo ikitoa moshi.

"Muzee, nilikuletea redio, unanirudishia mbabula ya makala!"

Watu walicheka redio kuitwa jiko la makaa, nami nikacheka. Nyumbani nilifunika jicho moja, kisha la pili, mbele ya kitambaa chekundu. Yote mawili yalikuwa yamepungua nguvu, na maneno ya katikati ya ukurasa yalififia kana kwamba yamemwagiwa maji.

Nikafungua daftari, nikaandika kila kinachoweza kudhuru macho. Moshi wa kuchomelea: nikahamishia meza nje. Pombe kali ya muhogo, ambayo ikipikwa vibaya hupofusha: sikuwa nimeionja tangu niugue. Sukari: kituo cha afya walinipima, hawakuiona. Kila nilipofuta sababu moja, nilimsomea kaka yangu mkubwa. Alikuwa muuguzi hospitalini Bambu miaka mingi, kabla vita havijamfukuza. Kwetu mgonjwa wa kifua kikuu hamezi dawa peke yake. Lazima mtu amwone akimeza. Wangu alikuwa yeye. Boksi lilikaa kwake, na kila asubuhi aliniletea vidonge na maji.

"Endelea kutafuta, mudogo yangu," alisema. "Labda ni uzee."

Daktari wa macho hakuchukua muda. Aliuliza ninameza nini.

"Mshipa wa fahamu unaopeleka picha kutoka jichoni hadi kwenye ubongo huweza kuvimba kwa maambukizi, au mwili unapojishambulia. Wako umedhuriwa na dawa moja kati ya hizo. Imeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi. Hukuisoma?"

Mimi, ninayesoma hata karatasi ya sabuni.

Nilimkuta kaka akipalilia maharage.

"Yaya," nilimwita, kama tunavyowaita kaka wakubwa, "karatasi ya dawa iko wapi?"

Hakujifanya hajui. "Niliichoma. Weye unasomaka kila kitu. Mama aliambiwa vidonge vinatapisha, akaviacha, tukamuzika. Sikutaka kukuzika na weye."

"Na wiki mbili nilizokusomea daftari?"

Aling'oa magugu mawili, matatu. "Dawa ile inamezwa miezi miwili tu. Ilibakia siku tano iishe."

Hofu yake naielewa. Mama nilimzika na mimi. Kisichomezeka ni yale mazungumzo yetu: nilitaja moshi, nikataja pombe, naye akatikisa kichwa kama mtu anayefikiri pamoja nami.

Dawa ile ilisimamishwa siku hiyo hiyo. Daktari alisema macho yanaweza kurudi polepole, au yasirudi yote. Huu ni mwezi wa pili tangu niiache, sijapata mabadiliko. Vidonge vingine naendelea navyo, lakini niliomba kituo cha afya kibadilishe msimamizi wangu. Sasa ni jirani, mjane aliyekimbia vita kutoka Djugu.

Kaka huja kila asubuhi na kusimama nje ya ua. Jirani humwambia, "Amemeza," naye huondoka. Simkaribishi.